Betri inakufa kila nikipaki siku mbili tatu, nimebadili betri, nimebadili alternata, bado. Wadau wa Tanga naombeni msaada

Mkazi wa Sahare:

Wakuu habari za usiku. Nitaandika kirefu maana nimechoka kubahatishiwa, bora atakayenijibu ajue kila kitu mwanzo mwisho.

Nina Toyota IST ya 2003, gia ato. Niliinunua kwa mtu mwaka jana, ilikuwa na mziki mkubwa, yule jamaa akatoa sabufa lake kwenye buti akaniachia redio tu. Tatizo lenyewe ni hili, nikiendesha kila siku, Sahare mjini mjini Sahare, inawaka bila shida yoyote. Nikiipaki Ijumaa jioni nikaja kuigusa Jumatatu asubuhi imekufa. Unafungua swichi taa za dashibodi zinawaka kwa mbaaali kama kibatari kinachoishiwa mafuta, ukipiga stata ni tik tik tik tik, basi. Na kwa kuwa ni ato hata kuisukuma hamna, inabidi saa 12 asubuhi uanze kugonga mageti ya watu kutafuta mwenye gari na nyaya za kubusti.

Fundi wa kwanza aliangalia kwa macho akasema betri imechoka. Nikanunua mpya, NS60, laki 1 na 80, ile ya zamani wakaichukua palepale dukani wakanipunguzia elfu 15. Wiki 3 ikaenda vizuri nikasema alhamdulillah, nikasafiri siku 3 nikaacha gari nyumbani, kurudi imekufa. Fundi wa pili akasema alternata, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji, akaleta used kutoka Dar, laki 1 na 30 bado ufundi. Ikawa vilevile.

Nisingeleta uzi kwa hela tu. Mwezi uliopita Jumapili saa 4 asubuhi tumepigiwa simu bibi mzaa mama kafariki Muheza, wanazika adhuhuri. Mama miguu inamsumbua, bodaboda hawezi kupanda. Gari imekufa. Kila dakika naambiwa mtu mwenye nyaya yuko njiani, yuko njiani, nikaona tusubiri, mpaka nikakata tamaa nikaita bajaji hadi stendi ya Kange tukapanda gari ya abiria. Tumefika watu wanarudi makaburini. Mama hakumuona mama yake kwa mara ya mwisho. Hakunilaumu hata kidogo na ndo kilichoniuma zaidi.

Sitaki kununua kitu kingine kabla sijajua ugonjwa ni nini. Nianzie wapi?

fundiumeme_ngamiani:

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, pole sana ndugu yangu, mpe pole na mama.

Nimekusoma mara mbili. Umeuziwa betri na alternata na hakuna sehemu hata moja uliyoandika kwamba mtu alipima. Mimi naanza na namba, bila namba sisemi kitu. Nenda kanunue multimita, ile mita ya kupimia umeme, zile ndogo za njano zinatosha, maduka ya vifaa vya umeme huku Ngamiani zipo. Kisha unipe namba 3.

Ya kwanza, betri ikiwa imepumzika. Ukitoka kuendesha usipime hapohapo, itakudanganya, itakuonyesha 12.9 ukadhani ina afya. Subiri saa moja au mbili. Betri iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 imebaki nusu, 12.0 robo, chini ya 11.8 hiyo imekwisha. Ona kwamba kati ya kujaa na kuisha hakuna hata volti 1 kamili, ndo maana kuangalia kwa macho au kuwasha taa haitoshi.

Ya pili, gari ikiwa inaunguruma, pima hapohapo kwenye betri. Ikiwa kati ya 13.5 na 14.7 alternata inachaji. Ikibaki 12 na kitu haichaji, ikivuka 15 inachaji kupita kiasi na itaichemsha.

Ya tatu, mtu apige stata wewe ukiwa umeshika mita. Isishuke chini ya 9.6. Ikishuka hadi 8 au 7 hiyo betri haina nguvu ya kubeba mzigo hata kama ikipumzika inasoma vizuri.

Binti wa Raskazone:

Mie naomba niongezee kitu maana wengi tunaoishi karibu na maji kinatupata. Fungua boneti uangalie vichwa vya betri, ukiona ule unga mweupe au wa kijani kijani umejikusanya pale basi umeme haupiti vizuri, betri haichaji sawasawa na stata haipati nguvu. Hewa ya chumvi inaharakisha kuliwa kwa zile nyaya. Yangu nilikuwa nasafisha na maji ya moto na baking soda kijiko kimoja cha kulia, unamimina taratibu inatoka povu, unasugua na mswaki wa zamani, unasuuza, inakauka, unakaza, unapaka grisi kidogo. Ila hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, ile soda ikiingia ndani inaharibu asidi.

Halafu hiyo safari yako ya Sahare mjini ni dakika ngapi?

Mkazi wa Sahare:

Asanteni. Dada, kama dakika 10, 12 hivi kukiwa na foleni. Vichwa nimeviangalia, kweli ule wa hasi ulikuwa na unga, nimesafisha leo.

Dereva wa Noah:

Mkuu usihangaike na mita, kuna njia rahisi tuliyokuwa tunatumia zamani. Washa gari, ikishaunguruma chomoa kichwa kimoja cha betri. Ikizima alternata mbovu, ikiendelea alternata nzima.

fundiumeme_ngamiani:

Kaka yangu Noah naomba kwa heshima zote tusimpe mtu ushauri huo. Ilikuwa inafanyika kwenye magari ya zamani ambayo hayakuwa na kompyuta. Betri pia ni kama mto wa kulalia, inapokea yale mapigo ya umeme yanayotoka kwenye alternata. Ukiichomoa ghafla injini ikiwa inaenda volti inaweza kuruka juu sana kwa kitambo kidogo, inaua daiodi za alternata, vile vinavyozuia umeme usirudi nyuma, na inaweza kuua kompyuta ya gari. Nimeshaletewa gari ikiwa nzima isipokuwa kitu kimoja, kompyuta imeungua, na mwenyewe ananiambia "nilikuwa natest alternata tu". Mita ya njano ni bei ndogo kuliko hiyo hasara.

Na swali la dada ni la msingi sana. Alternata ikiwa inaingiza tuseme ampea 20, dakika 10 ni kama ampea-saa 3 tu, yani ampea zidisha kwa saa. Sasa kama gari inapoteza 20 usiku na wewe unarudisha 3 asubuhi, hesabu haiwezi kukaa.

Dereva wa Noah:

Nimeelewa kaka, hilo la kompyuta sikulijua. Nimejifunza.

Mkazi wa Sahare:

Wakuu nimerudi na namba. Mita nimepata.

Jana nilizunguka hadi Pongwe na kurudi ili ichaji vizuri, nikaacha ipumzike, saa 1 usiku ikasoma 12.62. Leo saa 12 asubuhi kabla sijafungua hata mlango, 12.31. Sijagusa kitu usiku kucha.

Ikiunguruma 14.2. Nikiwasha taa kubwa na feni ya AC, 13.9.

Mdogo wangu akipiga stata inashuka hadi 10.2.

fundiumeme_ngamiani:

Hapo sasa tunaongea. Alternata inachaji, 14.2 ni nzuri kabisa. Betri inabeba stata. Lakini umeme unaondoka usiku gari ikiwa imezimwa. Kuna kitu kinakunywa.

Kila gari inakunywa kidogo ikiwa imepaki, saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta, alamu. Kawaida ni miliampea 20 hadi 50. Tutafute yako ni ngapi, na hapa nenda taratibu.

Funga kila kitu, toa funguo. Boneti wazi. Kama kuna mlango unataka uwe wazi ili ufikie fyuzi, chukua bisibisi usukume ile loki ya mlango ijifunge ikiwa hewani, gari idhani mlango umefungwa na taa ya ndani izime. Fungua kichwa cha HASI, ile spana namba 10. Usianze na chanya hata siku moja, spana ikigusa bodi inapiga cheche, na betri inatoa gesi inayolipuka. Pete na saa ya chuma vua.

Waya mwekundu wa mita uhamishe kwenye tundu la 10A, kitufe kwenye 10A. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, ncha nyingine kwenye ule waya uliofungua, yani umeme wote upite ndani ya mita. Usipige stata na usifungue swichi hapo, stata inavuta zaidi ya ampea 100 itachoma mita papo hapo. Hizi za njano nyingi hilo tundu la 10A halina fyuzi ndani, kwahiyo shika sekunde chache usome utoe.

Mwanzo itasoma juu maana vitu bado vinaenda kulala. Ili visiamke kila ukitoa mita, chukua kipande cha waya uunganishe kile kichwa na ule waya wa hasi, uache nusu saa. Kisha weka ncha za mita, ndo utoe kile kipande, usome.

Mkazi wa Sahare:

Nusu saa imepita. 0.91. Nimesubiri tena robo saa, 0.90.

fundiumeme_ngamiani:

Karibu ampea 1 nzima. Mara 20 ya inavyotakiwa.

Piga hesabu. Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 60. Zidisha kwa 0.9 unapata 54. Betri yako NS60 ina ampea-saa 45. Inakauka kabla Jumatatu haijafika, betri mpya kabisa, ya bei yoyote ile. Hata ile uliyowaachia kwa elfu 15 inawezekana haikuwa na kosa.

Sasa chomoa fyuzi moja moja, ukichomoa unasoma, unarudisha. Fyuzi ambayo ukiichomoa namba inaanguka, mwizi yuko kwenye njia hiyo. Anza na boksi la ndani chini ya dashibodi.

Mkazi wa Sahare:

Nimechomoa zote. ZOTE. Boksi la ndani, boksi la kwenye injini, na rilei pia. Haishuki. 0.90, 0.89, 0.90. Nimekaa chini hapa kwenye baraza jasho linanitoka, sijui nifanye nini.

Dereva wa Noah:

Itakuwa alternata hiyo! Daiodi zikivuja umeme unarudi kupitia alternata gari ikiwa imezimwa, ile used uliyowekewa usiiamini.

fundiumeme_ngamiani:

Hapo umesema jambo la maana kaka, daiodi iliyovuja inafanya hivyohivyo na inaweza kuchaji vizuri mchana ikaiba usiku. Njia ya kujua ni kufungua ule waya mnene nyuma ya alternata. Mkuu, toa hasi kabisa kwanza ndo ufungue huo waya, uuzungushie tepu usiguse chuma, kisha rudisha mita usome. Ikianguka ni alternata.

Mkazi wa Sahare:

Nimefanya. 0.90. Alternata haina kosa. Maana yake hata ile niliyotoa haikuwa na kosa, na fundi ameondoka nayo.

Binti wa Raskazone:

Umesema mwenye gari wa mwanzo alikuwa na mziki mkubwa akatoa sabufa. Amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, alitoa?

fundiumeme_ngamiani:

Dada Mungu akubariki, nimelisoma hilo mwanzoni nikalipita.

Mkuu, amplifaya haichukui umeme kwenye boksi la fyuzi. Waya wake unatoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, ndo maana umechomoa zote na namba haikugeuka. Angalia kichwa cha chanya, ukiacha ule waya mkubwa wa gari yenyewe kuna waya mwingine wowote umefungwa hapo? Ufuate kwa mkono unaenda wapi.

Mkazi wa Sahare:

Upo. Mwekundu, mnene kama kidole cha mtoto, umefungwa chini ya nati ya chanya, una kifyuzi chake ndani ya kichupa cha plastiki kimejaa vumbi. Unapita kwenye tundu la pedeli unaingia chini ya kapeti. Nimefunua kapeti hadi chini ya siti ya abiria, nimeingiza mkono.

Wakuu ni ya moto. Iko amplifaya humo chini, bapa, nyeusi, na gari imezimwa tangu jana usiku, nimeigusa ina joto kama sufuria iliyoipuliwa muda. Ina kitaa chekundu kidogo upande wa ukutani ambacho usingekiona mpaka uweke shavu kwenye zulia. Mwaka mzima nimemkalisha mama juu yake.

Nimechomoa kile kifyuzi cha kwenye kichupa.

0.03.

Binti wa Raskazone:

Alhamdulillah!!

Dereva wa Noah:

Daaah. Laki 3 na zaidi kwa waya mmoja.

fundiumeme_ngamiani:

0.03 ni miliampea 30, hiyo ni gari inayolala usingizi wake. Kwa kiwango hicho ukiwa na betri nzima iliyojaa unaweza kuipaki mwezi ikabaki nusu.

Ila nenda hatua moja mbele ujue kwanini haikuzima. Amplifaya ina waya mwembamba wa bluu, huo ndo unaoiambia amka au lala. Unatakiwa utoke kwenye redio, redio ikizimwa nayo inalala. Ufuate huo wa bluu uangalie umeungwa wapi.

Mkazi wa Sahare:

Bluu umeungwa na ule mwekundu mnene wa amplifaya yenyewe, umezungushiwa tepu nyeusi iliyoyeyuka inanata kwenye vidole.

fundiumeme_ngamiani:

Basi. Huo ndo umeme usiokatika, unatoka moja kwa moja kwenye betri. Aliyebadilisha redio alikuta redio mpya haina waya wa bluu, akaona aunge penye umeme mziki upige aondoke. Angeuunga na mwekundu wa redio, ule unaokatika ukitoa funguo, haya yote yasingekuwepo. Inaniuma kwa sababu ni kazi ya dakika 5 na huyo ni mwenzetu wa kazi.

Sasa betri yako. Imekauka mara ngapi tangu uinunue?

Mkazi wa Sahare:

Mara 5 au 6. Ni ile yenye vifuniko vya kujaza maji.

fundiumeme_ngamiani:

Hapo kuna madhara. Betri ya gari haikuumbwa kukaushwa. Ikikaa tupu salfeti inaganda kwenye pleti za risasi na kadri inavyokaa inakuwa ngumu kutoka, uwezo unapungua moja kwa moja. Lakini usikimbilie dukani. Ina seli 6, kila moja volti 2.1. Fungua vifuniko vyote, maji yawe yamefunika pleti, yakipungua ongeza maji ya betri tu, sio ya bomba wala ya kisima, na usiongeze asidi. Vaa miwani, asidi ikikurukia mimina maji mengi hapohapo.

Kisha ipeleke ikachajiwe TARATIBU, ampea 4 hadi 4.5, usiku mzima, kama saa 10 au zaidi. Wakikwambia wataijaza kwa saa moja kataa, inachemka na kupinda pleti. Ikitoka wapime uzito wa asidi ya kila seli kwa ile bomba ya kioo yenye kielea. Nzima iliyojaa inasoma karibu 1.265. Seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi hiyo seli ndo inakufa na betri nzima itaifuata. Zikiwa zinakaribiana una betri.

Kwa wenye zile wanazoziita betri kavu, ndani mna asidi vilevile, imefungwa tu, hizo bomba haiingii, mtapima kwa volti na kwa mzigo wa stata.

Mkazi wa Sahare:

Imelala kwenye chaji kuanzia jana jioni. Seli 5 zimesoma 1.250 hadi 1.260, moja 1.235. Imepumzika inasoma 12.55. Stata inashuka hadi 10.1.

fundiumeme_ngamiani:

Itakutumikia. Haitafika miaka yake yote hasa kwa joto letu la Januari hadi Machi, ila kwa sasa baki nayo. Hiyo seli ya 1.235 ipime tena baada ya miezi 2.

Dereva wa Noah:

Mimi nimepima yangu leo kwa sababu ya uzi huu. 0.38. Nimechomoa fyuzi moja moja, ya taa za ndani ikashuka hadi 0.04. Kumbe taa ya buti haizimi, kile kiswichi cha mlango wa nyuma kimekwama kwa kutu. Nilikuwa nalaumu betri tangu Ramadhani.

Mkazi wa Sahare:

Nawaandikia nikiwa Muheza. Leo ni arobaini ya bibi. Gari niliipaki Ijumaa mchana baada ya swala, sikuigusa kwa makusudi. Leo Jumapili saa 11 alfajiri mama ameshika kikapu chake amesimama mlangoni, hajasema neno, ananiangalia tu. Nimepima kwanza, 12.51. Nimepiga stata mara moja ikawaka, mama akasema bismillah akaingia.

Dada wa Raskazone na fundi, mama ameuliza majina yenu nikamwambia siyajui, akasema atawaombea hivyohivyo. Fundi, ule waya mwekundu nimeukata niache au niutoe wote?

fundiumeme_ngamiani:

Amin. Utoe wote, kuanzia kwenye nati ya chanya. Usiache kipande kinaning'inia chini ya kapeti, ncha ikigusa bodi bila fyuzi hapo unaongelea moto. Na ile nati ukishautoa waya ikaze tena, usisahau.

Mkazi wa Sahare:

Nikirudi jioni nautoa.